Kereng'ende usimkimbize, mngoje kwenye kijiti chake

Ndugu uliyeuliza kwa nini kereng'ende wa Lily Lake, pale msitu wa Karura Nairobi, wanakukimbia kila ukiwasogelea na simu kuwapiga picha: simu yako haina kosa, ila unawafuata. Dume huwa na sehemu yake ya maji anayoilinda, na kijiti au tete analopenda kutua. Ataruka kumfukuza mwenzake au kudaka mbu, kisha mara nyingi atarudi palepale. Kwa hiyo akiruka, hapo ndipo wewe usogee. Chuchumaa karibu, elekeza kamera kwenye kijiti, tulia. Akirudi akakukuta hutikisiki, atakuzoea. Kinachomshtua ni mkono unaoinuka ghafla na kivuli kumwangukia, maana yale macho yanaona karibu pande zote.

Nenda kuanzia saa tatu asubuhi, jua likishapasha. Julai ya mawingu hapa Nairobi utapata wachache mno. Jua la saa sita nalo lina raha yake: baadhi yao huinua mkia wima kulielekea ili mwili usichomwe sana, na hiyo ni picha ya kugombania.

Wale wembamba wanaokunja mabawa mgongoni wakitua, watafute chini kwenye nyasi za ukingoni. Wapige kwa ubavu, kamera sambamba na mwili, fokasi kwenye jicho. Ukipata kamera, lenzi ya milimita 300, ya kuvuta vitu vya mbali, itakusaidia kuliko makro fupi, lenzi ya vitu vidogo inayokulazimisha kumkaribia mno.

Wa manjano wanaozunguka kwa makundi juu ya viwanja msimu wa mvua, kwa jina la kisayansi Pantala flavescens, hutua kwa nadra, usijichoshe nao. Watazame tu! Aina hiyo husafiri hata juu ya Bahari ya Hindi.

Na ukiwa Karura kumbuka kuna kereng'ende aliyepewa jina la Wangari Maathai, aliyeutetea msitu huo usinyakuliwe: Notogomphus maathaiae, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2005. Anaishi kwenye vijito vya misitu ya nyanda za juu za Kenya na yumo hatarini kutoweka, kwa sababu kivuli cha miti kikikatwa kijito chake huharibika. Mimi naona hakuna heshima iliyomfaa mama yule kuliko hiyo.

Ukishapiga, weka hapa picha ya juu na ya ubavuni. Mistari ya kifuani mara nyingi ndiyo inayotenganisha aina zinazofanana, na kwa picha ya mgongo peke yake tutabaki kubahatisha.