Ukitoka kwenye pool kwenda snuka, usiende na mkono wa baa

Mdogo wangu, kama huko Majengo au Pasua unawafunga watu kwenye pool mpaka wanachoka kulipia koini, siku ukikaribishwa kwenye meza ya snuka, mchezo wa fimbo kama pool ila wenye mipira myekundu na sita ya rangi, acha majigambo mlangoni. Mimi niliingia nayo.

Mpira wangu wa kwanza mwekundu ulikuwa umenyooka kabisa na shimo, umbali wa mita mbili hivi. Nikaupiga kama nilivyozoea. Ukagonga mdomo wa shimo upande huu, ukagonga upande ule, ukatoka ukatulia katikati ya meza. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai akaniuliza, "Kijana, unapasua kuni?"

Kumbe kingo za snuka zimeviringwa pale kwenye shimo. Mpira ukizigusa kwa nguvu unatemwa. Za pool zimekatwa kwa pembe, zinasamehe. Halafu mpira wenyewe ni mdogo, milimita 52.5 badala ya 57, na meza ina futi 12 wakati zetu za baa ni futi 7. Kosa dogo ambalo baa hulioni, huku linapata nafasi ya kukua njiani.

Kwa hiyo punguza nguvu. Kusema ni rahisi, mkono ndio haukubali. Wangu ulichukua miezi. Na kwa kuanzia piga mpira mweupe, ule unaogongwa kwa fimbo, katikati, usiupige pembeni kuuzungusha. Kitambaa cha snuka kina malaika kama ngozi ya mkono, yamelala kuelekea upande wa meza unakowekwa mpira mweusi, na mpira wa polepole unaozunguka yanaupeleka yanakotaka.

Wapo wanaomudu yote mawili. Alex Pagulayan, bingwa wa dunia wa pool wa mipira tisa mwaka 2004, amekuwa pia bingwa wa snuka wa Kanada. Lakini safari ya kinyume naiona nyepesi zaidi: Allison Fisher alikuwa bingwa wa dunia wa snuka wa wanawake mara 7 kabla ya kwenda Marekani kutawala pool.

Usidhani unaanza sifuri. Kupanga mweupe utulie wapi kwa pigo linalofuata, hilo unalo tayari, na ndiyo nusu ya kazi. Sheria utazizoea ndani ya wiki.

Zoezi langu lilikuwa moja. Weka mipira sita ya rangi mahali pake, uitumbukize kwa mpangilio: njano, kijani, kahawia, bluu, pinki, nyeusi. Ukikosa mmoja, panga upya. Mimi kahawia ndiyo ilinitesa, sijui kwa nini, mpaka leo nikiikaribia natafuta chaki hata kama fimbo haina shida.

Niliporudi baa, mashimo niliyaona kama ndoo. Wiki ya pili wenzangu wakakataa kucheza nami kwa koini.