Ni mkojo ama ni maji ya mtoto?

SWALI: Habari daktari. Niko Pipeline, mimba yangu ya kwanza, wiki 35. Tangu jana usiku chupi inalowa kidogo kidogo, nikibadilisha inalowa tena, na sisikii uchungu wowote. Mama mkwe anasema ni mkojo tu, mtoto amekalia kibofu. Ningoje uchungu uanze ama niende hosi?

JIBU: Enda leo mama, usingoje uchungu. Mama mkwe hajasema uongo, mkojo kutoroka mimba ikiwa kubwa ni kawaida, lakini chupa, ule mfuko wa maji ya mtoto, ikitoboka huko juu maji si lazima yamwagike kama ndoo imepinduka, yanaweza kuvuja polepole siku nzima na wewe unaendelea kubadilisha chupi tu.

Ukijitayarisha, maliza mkojo wote, vaa pedi safi nyeupe, ulale kidogo halafu usimame. Kitu kikishuka ghafla ukisimama, na hakinuki mkojo, kuna uwezekano mkubwa ni maji ya mtoto. Usiingize kidole kuangalia, na usilale na mzee kwanza. Pedi ikibaki kavu, bado enda.

Huko kipimo cha maana ni spekulamu, kile kifaa cha kufungua njia, nesi anamulika tochi anakuambia ukohoe, anaona kama maji yanatoka kwa mlango wa kizazi. Kuna na karatasi inayogeuka buluu ikiguswa na maji ya mtoto, lakini damu na manii pia huigeuza, so kama mlikuwa pamoja jana mwambie nesi, usione haya hata kidogo. Skani nayo inaonyesha maji yaliyobaki, haionyeshi shimo, kwa hivyo ukiambiwa maji yako sawa usirudi nyumbani kama hujaangaliwa na spekulamu. Na kama hauna uchungu na mtu anataka kukupima na vidole, muombe kwa heshima aanze na spekulamu, vidole vinaweza kupandisha viini mpaka kwa mtoto. Ikiwa ni chupa kweli, hujafika wiki 37, utapewa antibayotiki na wewe na mtoto muangaliwe kwa karibu.

Maji yakiwa ya kijani ama yana damu, ukishikwa na homa, mtoto akipunguza kucheza, ama kitu kama kamba kitokee huko chini, usipange laini ya matatu, tafuta gari saa hiyo hiyo.

Beba kitabu cha kliniki, na uandike saa ulianza kulowa, watakuuliza hiyo mapema kwa sababu masaa yakizidi hatari ya infeksheni inapanda.