Maswali na majibu: kumvua sibasi kwa chambo cha manyoya

Nimemkodi kiongozi wa kuvua sibasi, samaki wa baharini, kwenye pwani ya Uingereza, kwa chambo cha manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana. Fimbo yangu ya mtoni, namba 5 (namba ni ya uzito wa mshipi inaoubeba), itafaa?

Itakuchosha mapema. Chukua namba 8 au 9, ya futi 9. Tatizo si ukubwa wa samaki, ni upepo na uzito wa chambo: ndoana ya saizi 1/0 yenye macho ya risasi (vishanga vya kuizamisha) hairuki bila mshipi mzito wa kuibeba. Mshipi unaozama polepole ndio utakaoutumia zaidi. Wa kuelea ni wa maji mafupi na vyambo vya juujuu. Nailoni ya mbele iwe futi 9, ya kuhimili kilo 5 hadi 7.

Kwa nini kiongozi anapanga safari kwa kufuata maji kupwa na kujaa?

Kwa sababu sibasi huwinda penye mkondo. Maji yakisimama, naye hulegea. Kwenye mlango wa mto, maji yanapotoka huburuta visamaki na kaa wadogo, na sibasi hujibanza nyuma ya jiwe au ukingo wa mchanga akingoja vimfikie. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huleta mkondo wenye nguvu zaidi kuliko maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Lakini ukisimama kwenye fungu la mchanga, maji yanayojaa huweza kupita nyuma yako kabla hujayaona mbele. Kiongozi akisema tuondoke, kunja mshipi.

Samaki anagonga, nainua fimbo, anaponyoka. Nakosea wapi?

Hapo hapo kwenye kuinua. Ni mazoea ya mtoni. Fimbo ikipinda humeza nguvu ambayo ingezamisha ndoana, tena chambo kinachomoka mbele ya mdomo wa samaki.

Elekeza ncha ya fimbo kwenye chambo, karibu igusane na maji. Bana mshipi kwa kidole cha mkono ulioshika fimbo, kisha uvute kwa mkono mwingine, kama sentimita 30 kila mvuto, ukitua kidogo kati ya mvuto na mvuto. Akigonga, vuta tena, mvuto mmoja mrefu, hadi uhisi uzito. Ndipo uinue fimbo. Ukimkosa kwa njia hii, chambo kimesogea kidogo tu, na mara nyingi atarudi.

Kagua ndoana pia. Ukirusha ukiwa na miamba nyuma yako, ncha hugonga mawe bila wewe kujua. Ijaribu juu ya ukucha: ikiteleza ni butu, inole.

Upepo unatoka upande wa mkono ninaorushia.

Utajichoma sikio. Ligeuzie mgongo lengo lako, na uachie mshipi kwa mrusho wa nyuma. Miwani usivue hata siku moja.

Mshipi unanizonga miguuni nikivua ufukweni.

Funga beseni la kiunoni, mshipi unaouvuta uangukie humo.

Naweza kumchukua nyumbani?

Aliye chini ya sentimita 42 hurudi majini. Jike huanza kuzaa akikaribia urefu huo, na kuufikia humchukua miaka kadhaa. Idadi ya kuchukua kwa siku na miezi inayoruhusiwa hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo muulize kiongozi kabla hamjatoka. Lowesha mikono, mshike mdomo wa chini: hauna meno ya kukuumiza, ila pezi la mgongo lina miiba na vifuniko vya matamvua hukata kama wembe. Kijino cha ndoana, kile kinachoizuia isitoke, kibane kwa koleo kabla ya kurusha, nayo ndoana itachomoka kwa urahisi.