Hesi Kuingia Si Ndoa

Wiki hii kijana wa tatu mfululizo kaniletea Helios-44, lenzi ya kamera ya Zenit. Ameifunga kwenye kamera yake ya zamani ya Leica, ikaingia vizuri, na sasa anauliza mbona picha zote zina ukungu, za karibu na za mbali. Wadogo zangu, hesi kuingia si ndoa.

1. M39 (hesi ya lenzi ya milimita 39) ziko mbili. Lenzi ya Leica hukaa milimita 28.8 kutoka kwenye filamu, ya Zenit 45.2. Ulizeni kabla ya kulipa.

2. Mulikeni tochi ndani ya lenzi, diafragma (tundu linalopitisha mwanga) ikiwa wazi. Vumbi halina neno. Utando wa maziwa na nyuzi za kuvu ndizo za kukimbiwa. Na mwenye Summar, lenzi ya zamani ya Leica, asiifute kwa shati, kioo chake cha mbele ni laini mno.

3. Msifungue lenzi. Najua mtafungua tu, nami nilifungua. Ilikuwa Jupiter-8, grisi imekauka, pete ya fokasi inagoma kama punda. Nikaikokota mpaka helikoidi, hesi inayosogeza vioo, ikaachana, bila kuweka alama pale ilipoachia. Hesi ile ina mianzo kadhaa, ukianzia pasipo pake fokasi haifiki kunakotakiwa. Nilihangaika nayo usiku kucha. Alfajiri ikakubali, nikajiona fundi. Mezani kulibaki kijiduara chembamba kama ganda la kitunguu, nikadhani ni takataka za kiwandani, nikakitupa.

Ile ilikuwa washa inayoweka vioo mahali pake. Sikujua, kwa sababu nilijaribu lenzi nje, juani, kwa f/8 (diafragma imebanwa), na kwa f/8 hata uongo huonekana kweli. Kisha nikaenda kumpiga picha bibi yangu, dirishani, f/2 (diafragma wazi kabisa), umbali wa mita moja. Filamu nzima, picha 36. Hereni zake zilitoka safi, ungeweza kuhesabu kila ushanga. Macho, ukungu mtupu. Bibi akazigeuza picha moja moja, akaniuliza, “Kumbe ulikuja kupiga hereni, mjukuu wangu?” Nilitafuta ile washa kwenye jaa siku mbili. Bado nakata vipande vya karatasi ya bati kujaribu kuiga unene wake, na bado sijapata.

Kwa hiyo kabla hamjagusa skrubu, pigeni picha kila hatua, chimbeni alama, na chochote kilichobaki mezani kina kazi yake.

4. Kitazamio cha Leica hakipiti kwenye lenzi, basi kifuniko toeni kabla ya kupiga. Mkimaliza kirudisheni: jua likiingia kwenye lenzi iliyo wazi huunguza tundu kwenye shata, lile pazia la kitambaa mbele ya filamu. Ndiyo, najua kwamba namba hii inajipinga yenyewe. Zoeeni.

Na wewe mwenye Helios, njoo uichukue. Umeisahau kwangu, na nimeshaanza kuizoea kwenye Zenit yangu.