Pistoni zilizoshikwa na kutu: usivute trekta

Ndugu, umeeleza kwamba Massey Ferguson 135 yako imeingiwa na maji ya mvua kupitia bomba la moshi, injini haizunguki, na jirani anashauri ivutwe ikiwa kwenye gia. Tafadhali usikubali, kwa sababu pistoni iliyoshikwa na kutu mara nyingi haiachii kwa nguvu ya namna hiyo. Kinachoweza kupinda ni konrodi, yaani fimbo inayounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini).

Fungua silinda hedi, yaani mfuniko wa juu wa silinda. Nati ikigoma, ipashe moto yenyewe, si stadi (bolti isiyo na kichwa ambayo nati hufungwa juu yake), kisha uilegeze na kuikaza kidogo kidogo. Mimi niliwahi kukata stadi kwa haraka ya robo saa, na kuitoa kulinichukua siku mbili. Sugua kutu iliyo kwenye kuta za silinda, sehemu ya juu ya pistoni, kisha mimina mchanganyiko nusu kwa nusu wa asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki, mbali kabisa na moto, ukiongeza kila siku kwa kuwa asetoni huvukika upesi. Baada ya siku kadhaa, weka kipande cha mbao ngumu juu ya pistoni iliyosimama katikati ya silinda, uigonge taratibu. Ikisogea hata unywele, zungusha krenki mbele na nyuma. Oili ya injini ibadilishwe yote kabla ya kuwasha, maana mchanganyiko huo huvujia chini.