Feni za kompyuta ya kujiundia hapa Nairobi: tatu nzuri zinashinda sita za taa

Swali la ndugu yetu lilikuwa hili: kasha la wima la ukubwa wa kati lina nafasi sita za feni lakini limekuja na moja tu, ya nyuma. Ndani kuna prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya picha ya RTX 3060, na mchezo ukikolea kadi inafika nyuzi 83. Je, anunue pakiti ya feni sita zenye taa, au feni tatu nzuri kwa pesa hiyohiyo?

Nunua tatu nzuri, za milimita 120, zote uzifunge mbele ziingize hewa. Ile iliyokuja na kasha iache nyuma itoe. Nafasi za juu usiziguse kwa sasa.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya jaribio moja. Fungua bamba la pembeni, cheza mchezo uleule dakika 20, uangalie joto la kadi. Likishuka nyuzi 8 au zaidi, kasha linakosa hewa na feni zitakusaidia. Likishuka nyuzi 2 au 3 tu, feni za kasha hazina kosa: kuna vumbi katikati ya mapezi ya kadi (vile vibati vyembamba vya kupozea), au pesti yake ya kupitisha joto imekauka, na hapo hata feni kumi hazitabadilisha kitu. Angalia pia uso wa kasha. Kama mbele ni kioo kitupu chenye upenyo wa sentimita moja pembeni, feni itavuta na kukosa cha kuvuta. Afadhali ubadilishe kasha uchukue lenye wavu mbele.

Tukija kwenye feni zenyewe, boksi lina namba mbili zinazowachanganya watu. CFM ni kiasi cha hewa kwa dakika, lakini hupimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele yake. Weka filta na wavu wa chuma, namba hiyo inaporomoka, mara nyingine hadi nusu. Namba ya pili, mmH2O, ndiyo nguvu ya feni kusukuma hewa ipite kwenye kizuizi, na ndiyo ninayoiangalia kwanza. Kwa feni ya mbele yenye filta, tafuta 1.5 kwenda juu. Kwa feni ya rejeta ya kupozea kwa maji, 2 kwenda juu. Iliyo chini ya 1 inafaa nyuma, ambako hakuna kitu cha kuizuia. Arctic P12 PWM ina CFM 56.3 na mmH2O 2.2 ikizunguka mara 1,800 kwa dakika. Noctua NF-A12x25 PWM ina 60.1 na 2.34 kwa mizunguko 2,000. Kama unavyoona, kwa kazi ya kuingiza hewa kashani zinakaribiana sana. Hiyo ya Noctua ni feni bora kwa sauti na kwa ustadi wa utengenezaji, lakini bei yake ni ya juu zaidi, na mimi ningeiweka kwenye rejeta au kwenye kipozaji cha prosesa. Mbele ya kasha P12 inatosha kabisa.

Ukikuta feni isiyo na namba, ielekeze kwenye mwanga uichungulie. Mapanga mapana yanayokaribia kupandana, yenye ncha zinazokaribia kugusa fremu, husukuma vizuri. Ukiona mwanga mwingi ukipita kati ya panga na panga, jua hewa itarudi nyuma kupitia mianya hiyohiyo mara tu filta ikianza kuziba. Feni nyingi za pakiti za taa ziko hivyo, kwa sababu mapanga yametengenezwa yapendeze yakiwaka.

Sasa jambo la Nairobi lenyewe. Mji uko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina uzito wa kama asilimia 80 tu ya hewa ya Mombasa kwa joto lilelile. Feni itapitisha ujazo uleule wa hewa, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa kidogo ya kubeba joto. Hesabu yake ni rahisi: pwani, chukua wati za kompyuta, zidisha kwa 1.76, gawanya kwa CFM halisi, utapata nyuzi ambazo hewa inapanda ikipita kashani. Hapa zidisha kwa 2.2. Kompyuta ya wati 300 yenye CFM halisi 60 itapandisha hewa yake nyuzi 9 pwani na nyuzi 11 hapa. Ukifikisha CFM 100, ni nyuzi 5 na kidogo kwa pwani, na kama 6.6 kwetu. Ndiyo maana joto unaloliona kwenye majaribio ya watu wa Ulaya haliwezi kulingana sawasawa na lako, hata sehemu zikiwa zilezile. Bahati yetu ni kwamba chumba cha Nairobi huwa na nyuzi chache kuliko cha Mombasa, na hilo linafidia pengo lote na kubakisha chenji. Isipokuwa Januari hadi Machi, chumba cha juu chini ya mabati. Hapo usitegemee fidia yoyote.

La pili ni vumbi. Anayeishi kando ya barabara ya murram au jirani na jengo linaloendelea kujengwa anajua rangi yake. Kinga yake ni kuingiza hewa nyingi kuliko unayoitoa, ili kasha lipumue kwenda nje kupitia kila mwanya. Ukitoa zaidi ya unavyoingiza, kasha litafyonza hewa kupitia nafasi za kadi nyuma na tundu za USB, ambako hakuna filta, na vumbi jekundu litakaa palepale kwenye mapezi ya kadi. Feni tatu mbele na moja nyuma zinakuweka upande salama hata filta zikiwa zimeziba kidogo. Ndiyo sababu pia nimesema usiguse juu. Feni ya kutoa hewa ikiwekwa juu karibu na uso wa kasha huiba hewa baridi kabla haijafika kwenye prosesa. Ukilazimika kuongeza moja juu, iwe ile nafasi ya nyuma kabisa.

Upande wa kufunga: hewa hutokea upande wenye fremu ya mikono inayoshika mota, ule wenye stika. Zingine zina mishale miwili pembeni, ya hewa na ya mzunguko. Skrubu zake hujichongea njia zenyewe kwenye plastiki, kwa hiyo zianzishe zote nne kwa mkono kabla ya kukaza, na uache bisibisi mara inapogoma. Ukizidisha nguvu, kona ya fremu inapasuka na feni itatetemeka maisha yake yote. Mashimo ya feni ya 120 yameachana milimita 105, na unene wa kawaida ni milimita 25. Pima nafasi hiyo kama kadi yako ni ndefu.

Umeme ndipo watu huunguza vitu. Plagi ya pini 4 ndiyo PWM: ardhi, volti 12, waya wa kuripoti mizunguko, na waya wa amri ya kasi. Ya pini 3 haina huo wa mwisho, kwa hiyo mazabodi huipunguza kasi kwa kushusha volti, nawe lazima uweke soketi hiyo kwenye DC (kutawala kasi kwa volti) ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi, la sivyo itazunguka kasi ya mwisho wakati wote. Soketi nyingi za mazabodi huvumilia ampea 1. Soma stika: feni tatu za ampea 0.2 ni 0.6, zinaingia salama kwenye soketi moja kwa waya wa kugawa. Waya huo unatakiwa kuripoti mizunguko ya feni moja tu, kwa hiyo usishtuke ukiona namba moja kwenye skrini. Taa nazo ni hatari zaidi. ARGB, ambayo kila taa hubadili rangi yake peke yake, ni volti 5 na plagi ya tundu 3; RGB ya zamani, ambayo taa zote huwa rangi moja, ni volti 12 na pini 4. Ukilazimisha ya volti 5 kwenye volti 12, taa zimekufa papo hapo. Pakiti nyingi za sita hutumia plagi ya pini 6 inayoingia kwenye kisanduku chake pekee, kwa hiyo kisanduku kikifa feni zote sita zimeenda, na mara nyingi kasi yake huwezi kuitawala kutoka kwenye mazabodi.

Ukienda Luthuli au Moi Avenue, omba feni iwashwe dukani. Kabla haijawashwa, izungushe kwa kidole: inatakiwa isimame polepole bila kukwaruza. Ikiwa inazunguka, ilaze chali na uisikilize kwa karibu. Beringi ya bei ya chini, ile ya bushi ya kawaida (sleeve), huanza kulia ikilala, na haifai kabisa kuwekwa juu ya kasha. Mafuta yake hukauka upesi. Tafuta iliyoandikwa FDB (beringi inayoelea kwenye mafuta) au ya gololi. Feni za kung'olewa kwenye mashine za ex-UK ziwe mbali nawe kama hujaona plagi: baadhi ya Dell zina pini 5 kwa mpangilio wao wenyewe.

Mwisho weka kasi. Feni za kasha usizifunge kwenye joto la prosesa, kwa sababu prosesa huruka nyuzi 15 kwa kufungua kivinjari tu na feni zitapanda na kushuka usiku kucha. Programu ya bure ya FanControl kwenye Windows inakuwezesha kuzifunga kwenye joto la kadi. Chini ya nyuzi 45 ziache mizunguko 600, nyuzi 65 zifike 1,000, nyuzi 75 zifike 1,300. Kupunguza kasi kwa asilimia 20 kunashusha sauti kama desibeli 5 wakati hewa imepungua hiyo asilimia 20 tu, kwa hiyo hakuna haja ya 1,800 mezani.

Ukimaliza, washa kijiti cha udi ukipitishe taratibu kwenye mianya ya nyuma. Moshi ukisukumwa nje, sawa. Ukivutwa ndani, kuna feni imegeuzwa au filta imeziba. Filta zioshe kila wiki mbili wakati wa kiangazi, zikauke kabisa kabla ya kurudi. Ukipuliza ndani kwa blowa, shika mapanga kwa kidole, maana upepo huo huyazungusha kupita kasi yaliyoundiwa na beringi ndiyo inayoumia.