Barua kwa mwanangu: alichokuwa nacho Emeli Sandé alipoacha udaktari

Shangani, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na mama yako. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama nitaridhia uache udaktari mwaka huu wa nne ili utengeneze albamu, maana Emeli Sandé, yule mwimbaji wa Uskoti, naye aliacha udaktari akiwa mwaka wa nne na mambo yakamnyookea. Pili, ikiwa wahakiki wengine waliiona albamu yake ya kwanza kuwa ya kawaida, mbona watu waliinunua namna ile, na wewe ukitoa ya kwako umsikilize nani. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu tutakatana maneno.

La kwanza nalijibu mapema usije ukalitafuta: usiache chuo mwaka huu. Na sababu nimezitoa kwa huyohuyo dada uliyemtaja, wala si kwa woga wa mzazi.

Habari zake husimuliwa kana kwamba aliamka siku moja akavua koti jeupe akawa nyota. Haikuwa hivyo. Alikuwa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, na hadi anaondoka alikuwa ameshapata shahada ya sayansi ya mfumo wa fahamu. Vyuo vya kule humruhusu mwanafunzi wa udaktari asimamishe kidogo masomo ya wodini, achimbe fani moja, apewe shahada yake, kisha arudi kuendelea. Alipotoka, alitoka na cheti. Wewe ukitoka leo utatoka na karatasi ya matokeo na deni la Bodi ya Mikopo. Miaka mitano ya udaktari hapa kwetu haina kituo cha kushukia katikati. Yeye mwenyewe amewahi kueleza kwamba alitaka awe na elimu ya kurudia endapo muziki ungekataa, na maneno hayo wanaomsimulia huyaruka.

Halafu kuna nyimbo. Hili nataka ulisome taratibu. Mwaka 2009 Chipmunk, rapa wa London, alitoa wimbo uitwao Diamond Rings. Sauti ya kike inayobeba kiitikio ni ya Emeli, na ule wimbo ulifika nafasi ya 6 Uingereza. Mwaka uliofuata akasikika kwenye wimbo wa Wiley, nao ukafika nafasi ya 8. Tinie Tempah, rapa mwingine wa London, akamshirikisha. Susan Boyle, yule mama wa Uskoti aliyeushangaza ulimwengu kwa sauti yake, akaimba wimbo ambao Emeli alishiriki kuuandika. Nyuma ya kazi nyingi hizo alikuwepo prodyuza Naughty Boy, aliyekutana naye London bado akiwa mwanafunzi, na hao wawili waliandika pamoja mpaka wakajuana pumzi. Wimbo wake wa kwanza akiwa peke yake, Heaven, ulitoka Agosti 2011 ukafika nafasi ya 2. Albamu yenyewe, Our Version of Events, ilitoka tarehe 13 Februari 2012 na kwenda moja kwa moja nafasi ya kwanza. Hesabu mwenyewe, mwanangu, kati ya Diamond Rings na siku hiyo kuna muda gani. Muda wote huo alikuwa akiandika, na sehemu kubwa aliwaandikia wengine, jina lake likiwa dogo na la mtu mwingine likiwa kubwa.

Jina lenyewe pia alilitoa. Alizaliwa akiitwa Adele Emily Sandé, lakini Adele mwingine, mwimbaji wa London, akawa ameshavuma, naye akachukua jina lake la pili na kuendelea na kazi. Napenda sana jambo hilo. Wewe mwezi uliopita ulinipigia ukilia kwa sababu kuna msichana anatumia jina la kisanii linalofanana na lako.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya niisikilize albamu ile tena na tena usiku, mama yako akiwa ameshalala.

Wahakiki walikuwa wameshamchagua kabla albamu haijatoka: Tuzo ya Chaguo la Wahakiki ya Brit, zile tuzo kubwa za muziki za Uingereza, ya 2012 ilikuwa yake, tuzo ambayo Adele ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipata mwaka 2008. Albamu ilipofika mkononi wakagawanyika. Wako walioisifu sauti na uandishi. Wako waliosema ni ya tahadhari mno, nyimbo za taratibu zimefuatana, na kwamba Heaven, na zile ngoma zake zinazokimbia chini ya nyuzi, iliahidi ujasiri ambao albamu haikuuendeleza. Nami nitakwambia ninavyoona: hawakukosea. Pale katikati nyimbo zinaanza kushikana sura, kinanda na majonzi, kinanda na majonzi, na mtu mwenye haraka anaweza kuzima. Marekani nako haikuvuma hivyo.

Lakini Uingereza watu hawakuzima. Ndiyo iliyoongoza kwa mauzo kule mwaka 2012, zaidi ya nakala milioni moja kwa mwaka huo mmoja, ikaipita hata albamu ya Adele iitwayo 21. Ikafikisha wiki 63 mfululizo ndani ya kumi bora, ikivunja rekodi ya albamu ya kwanza ya The Beatles ya mwaka 1963, iliyokaa wiki 62. Mwaka 2013 akachukua tuzo mbili za Brit, ya msanii bora wa kike na ya albamu bora ya mwaka. Wakati huo watu wengine wakaanza kulalamika kwamba kila wakiwasha redio ni yeye, kila sherehe ni yeye. Huo nao ni upokezi wa aina yake, na ukifanikiwa utakufikia.

Kwa nini walimpenda? Sikiliza Next to Me. Kinanda, ngoma, makofi kama ya kanisani, na kiitikio ambacho mtu akikisikia mara ya pili tayari anaitikia. Hujui kama anamsifu mume au Mungu, na hakulazimishi uchague. Bibi yako kule Masasi alikuwa anatunga nyimbo za unyago, unakumbuka. Akishatunga hakuuliza kama ni nzuri. Aliwaimbia wanawake wenzake uani, na wakishindwa kuitikia mara ya kwanza, aliutupa akatunga mwingine. Mhakiki aliyezoea kusikiliza albamu akiwa kiti cha mbele ataona urahisi huo ni upungufu. Aliyetoka kazini amechoka, au aliyefiwa, anaupokea kama mlango ulioachwa wazi. Wote wawili wamesikia jambo lilelile. Wametofautiana shida tu.

Ila usidhani urahisi ule ni wa bure. Chukua Read All About It. Kwanza aliandika na kuimba kiitikio kwa ajili ya Professor Green, rapa wa Hackney, ambaye mashairi yake humo yanamhusu baba yake aliyejiua. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza mwaka 2011. Baadaye Emeli akakirudia kiitikio hicho, akakitungia mistari mipya ya kwake, akaondoa ngoma zote akaacha kinanda na sauti, na huo ndio unaofunga albamu. Ukisikiliza ya kwanza na ya pili utaona kilekile kiitikio kikibeba mizigo miwili tofauti bila kuinama. Mtu hawezi kuandika hivyo kwa bahati. Ameshaandika vingi vilivyokufa.

Mwaka huohuo wa 2012, tarehe 27 Julai, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London, wakampa aimbe Kaa Nami. Ndiyo, hiyohiyo ya Tenzi za Rohoni, tuliyowaimbia babu na bibi yako makaburini. Ilikuwa sehemu ya kuwakumbuka marehemu, uwanja umenyamaza, na yeye hakuipamba. Hakupanda juu pasipokuwa na sababu, hakuzungusha sauti ili tujue ana sauti. Mwalimu wa kwaya wetu amekuwa akitupigia kelele kuhusu jambo hilo tangu wewe hujaanza shule, na sijawahi kusikia mtu akilitimiza vizuri hivyo mbele ya kadamnasi. Kwenye kufunga michezo, Agosti, wakamrudisha, akaimba Read All About It. Kwa mimi, siku hizo mbili zinaeleza mauzo yale kuliko tangazo lolote.

Kwa hiyo umsikilize nani? Mhakiki akikwambia nyimbo zako tatu zinafanana, keti uzisikilize, huenda ni kweli. Akikwambia ni rahisi mno, muulize mtu asiyekujua kama anaweza kuuimba baada ya siku mbili. Wanaokutukana bila kusikiliza waache wapite. Na sisi ndugu zako usitutegemee katika hili, tutasifu tu.

Nimemshirikisha mjomba wako, maana unajua kwa upande wa mama yako neno lake lina uzito, naye ameniunga mkono. Tunachokuomba ni hiki. Maliza mwaka wa nne. Ukiuona wa tano ni mzito, iko njia ya kuahirisha masomo kwa utaratibu, kwa barua na kibali cha chuo, ambayo haikufungii mlango. Wakati huo andika. Waandikie wengine pia. Hao wasanii wa hapo Dar unaosema wanapenda viitikio vyako, wape, lakini kila wimbo usajili kwanza Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na mkubaliane kwa maandishi nani ametunga nini. Usimpe mtu wimbo kwa maneno ya mdomo studio usiku. Wewe mwenyewe ukajisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Siku utakaponiletea nyimbo zako mbili au tatu ambazo watu wasiokujua wanaziimba, tutazungumza upya habari ya kuacha au kutoacha, na nitakusikiliza kama mtu mzima mwenzangu.

Fedha ya studio usiwaze. Msimu wa korosho ukifunguka, malipo ya mnada wa kwanza yakishaingia, nimetenga ya kurekodi nyimbo mbili. Mama yako amekubali.

Liko jambo moja jingine kuhusu Emeli ambalo limenikaa moyoni, na pengine ni kwa kuwa mimi ni mzazi na ni mwalimu. Baba yake anatoka Zambia, alikuwa mwalimu kwenye shule aliyosoma binti, katika kijiji cha Alford kaskazini mwa Uskoti. Albamu ya pili ilichelewa, haikutoka hadi Novemba 2016. Katikati hapo ndoa yake ilivunjika na alikwenda Zambia kuwaona ndugu wa baba yake. Kwenye albamu hiyo kuna wimbo ambao baba yake anaimba pamoja na kwaya ya Serenje, mji ule ambao treni ya TAZARA hupita kabla ya Kapiri Mposhi. Nimeutafuta nikausikiliza. Kwenye albamu ya kwanza, iliyovunja rekodi, mzee huyo hasikiki. Alisubiri, na binti akaja kumchukua wakati wake ulipofika. Nami nitasubiri vivyo hivyo, wala usione kukuambia umalize mwaka ni kukukatalia wimbo.

Ule wimbo wako wa mvua, uliouanza likizo ya Desemba ukauacha kwenye mstari wa tatu, umalize. Nirekodie kwa simu, sauti na kinanda tu, usiuwekee biti bado. Nitaupeleka kwa mwalimu wa kwaya Jumapili baada ya ibada, na atakachosema nitakuandikia kama kilivyo, hata kikiwa kichungu.

Mama yako anasema ule mihogo na samaki, uache chipsi za kila usiku.

Baba yako